Mtoto Asiyejua Kusoma: Nani Ataulizwa?

SIFA zote njema zinamstahikia Allah, Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na sahaba zake.

Kila yanapotangazwa matokeo ya mitihani, hukaa baraza lisilo na kadhi. Mzazi humshitaki mwalimu kwa uvivu, mwalimu humshitaki mzazi kwa kutojali, kamati ya shule huishitaki serikali, na watu wa mtaa huwanyooshea vidole wote watatu. Baraza hilo huvunjika bila hukumu, na ifikapo Januari watoto wengine huingia katika madarasa yale yale kwa hali ile ile. Anayebaki na hasara ni mtoto, ambaye hakuwa na wakili barazani humo.

Katika toleo hili tunapenda kuliuliza swali ambalo baraza hilo hulikwepa. Mtoto anapokaa darasani miaka mitatu, minne, hata saba, kisha akatoka hawezi kusoma barua aliyoandikiwa mama yake, ni nani atakayeulizwa juu yake mbele ya Allah?

Swali hili si la nadharia. Mwaka 2011 watafiti wa Uwezo walipowapima watoto wa Tanzania majumbani mwao, walikuta kwamba takriban watatu tu kati ya kila kumi wa darasa la tatu ndio waliomudu kusoma hadithi fupi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Tuzingatie kwamba upimaji huo ulifanyika nyumbani. Watoto hao walikuwa wakivaa sare kila asubuhi, wakitoka na kurudi, na wazee wao wakiamini kwamba wanasoma. Serikali ilifanya lake mwaka 2015 ilipobadilisha mtaala wa madarasa ya kwanza na ya pili ili mkazo uwe katika kusoma, kuandika na kuhesabu. Lakini mtaala hauingii nyumbani kumuuliza mtoto amejifunza nini leo.

Haki itendeke: wananchi wa nchi hii hawakuwa wavivu katika jambo la shule. Ulipoanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi mwaka 2002, na ule wa sekondari mwaka 2004, watu walisomba mchanga na mawe, wakafyatua matofali, wakachanga kidogo walichonacho, na sekondari za kata zikasimama mahali ambapo hapakuwa na kitu. Hilo ni jambo la kushukuriwa. Tatizo ni kwamba ushirikiano wetu ulipanda pamoja na ukuta, na ulipofika kwenye paa ukasimama. Tulijua kushirikiana katika kujenga. Hatukujua kushirikiana katika kusomesha.

Kisha ikaja elimu bila ada, Januari 2016. Familia nyingi masikini zilipata nafuu kubwa, na watoto waliokuwa wakikaa nyumbani wakaandikishwa. Hata hivyo, wako walioipokea neema hiyo kwa tafsiri isiyo sahihi, wakadhani kwamba ada ilipoondolewa, wajibu nao umeondolewa. Serikali yenyewe ililazimika kutoa waraka mwaka huo huo wa 2016 kufafanua majukumu ya kila upande, wazazi wakiwamo. Elimu bila ada haikuwa elimu bila mzazi.

Tukirejea katika mafundisho ya dini yetu, tunakuta jambo hili limekwisha kubainishwa. Katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) ametueleza kwamba kila mmoja wetu ni mchunga na kila mmoja ataulizwa juu ya alichokichunga: kiongozi kwa watu wake, mwanamume kwa ahli zake, mwanamke kwa nyumba ya mumewe na watoto wake, na mtumishi kwa mali ya bwana wake. Tuitazame Hadithi hii kwa makini. Haikusema kwamba jukumu ni la wote kwa ujumla, kisha ikanyamaza. Imemtaja kila mtu kwa nafasi yake na kumpa sehemu yake ya kuulizwa. Kushirikiana jukumu, kwa mujibu wa mafundisho haya, ni kila mmoja kuijua sehemu yake na kuibeba, wala si kulitawanya jukumu mpaka lisionekane liko kwa nani.

Wanazuoni wetu waliotangulia waliliandikia jambo hili kwa undani. Al-Qabisi, mwanachuoni wa Qayrawan aliyefariki mwaka 403 Hijria, katika risala yake juu ya hali za walimu na wanafunzi, alieleza kwamba jukumu la kumsomesha mtoto linaanzia kwa baba yake. Baba akiwa hayupo linahamia kwa wasii na jamaa wa karibu, na likikosa mbebaji, jamii ya Waislamu haina ruhusa ya kumwacha mtoto huyo akue bila elimu. Zaidi ya miaka elfu moja imepita tangu maneno hayo yaandikwe, na bado katika mitaa yetu anaonekana mtoto yatima akizurura sokoni saa za masomo, watu wazima wanampita, na kila mmoja anajiambia kwamba mtoto huyo ana wenyewe.

Hapa ndipo tunapopenda kusahihisha fahamu mbili ambazo zimeenea.

Ya kwanza ni juu ya faradhi ya kutosheleza. Wengi wameifahamu kwamba wakitokea wachache wa kuifanya, waliobaki wamestarehe. Lakini jina lake lenyewe linatufundisha: wengine husalimika pale kazi inapotosheleza. Maiti akioshwa na asizikwe, bado mji mzima una dhambi. Basi shule yenye walimu wanne na watoto mia tano haijatosheleza, hata walimu hao wakijitahidi namna gani, na wenye uwezo wa kuongeza nguvu hawajasalimika.

Ya pili ni juu ya uwakala. Mzazi anapompeleka mtoto shule au madrasa huwa amemweka mwalimu kuwa wakala wake. Fuqahaa wametufundisha kwamba yapo mambo yanayokubali uwakala, kama kuuza na kununua, na yapo yasiyoukubali, kama Swala. Kumfundisha mtoto herufi na hesabu ni jambo la kuwakilisha. Kumpenda, kumfuatilia, kumuuliza na kumwonesha kwamba elimu ina thamani ndani ya nyumba ile, hilo halina wakala. Na hata katika yale yanayokubali uwakala, mwenye mali hamkabidhi wakala duka lake akakaa miaka saba bila kutazama daftari. Inakuwaje basi mtu akague daftari la duka kila jioni, na daftari la mwanawe asilifungue hata mara moja kwa muhula?

Huenda akatokea wa kusema: nahodha wengi, chombo huenda mrama. Mwalimu ndiye aliyesomea kazi hii na ndiye alipwaye mshahara. Watu wa mtaa wakiingia darasani wataharibu. Hoja hii ina ukweli wake, nasi hatuiti watu kuwafundisha walimu kazi yao. Lakini chombo chenye nahodha mmoja kina mabaharia pia: yuko wa kutweka tanga, yuko wa kutazama mwamba, na yuko wa kufua maji. Nahodha akiachiwa afue maji peke yake, usukani atauacha. Na Mtume (s.a.w.) alipotupigia mfano wa watu waliopanda jahazi moja, wengine juu na wengine chini, alitubainishia kwamba wa chini wakiachwa watoboe sehemu yao, wote watazama. Mtoto asiyejua kusoma ni tundu katika jahazi letu sote, awe wa nyumba yetu au wa jirani.

Basi kila mmoja achukue sehemu yake.

Mwalimu, wa shule na wa madrasa, sehemu yake ya kwanza ni kuhudhuria na kufundisha. Ya pili ni kusema kweli mapema. Si uadilifu kumwacha mzazi aijue hali ya mwanawe siku ya matokeo, ilhali mwalimu aliijua tangu mwezi wa pili. Mzazi naye anapoitwa asiitwe kwa ajili ya michango tu. Aitwe pia aoneshwe mtoto wake ameweza nini na ameshindwa nini.

Mzazi asiseme kwamba hakusoma, kwa hiyo hana la kufanya. Mama asiyejua herufi hata moja anaweza kumketisha mwanawe baada ya Maghrib akamwambia asome kwa sauti, naye akasikiliza. Kusitasita kwa mtoto kunasikika hata kwa asiye na shahada. Baba anaweza kujua saa ya mtoto kutoka na saa ya kurudi. Binti naye apewe wakati wa kusoma kama nduguye wa kiume, wala asikabidhiwe vyombo vyote na maji yote wakati mwenzake ameshika kitabu.

Kamati ya shule ipo kisheria tangu Sheria ya Elimu ya mwaka 1978, lakini nyingi hukutana kwa ajili ya choo, madawati na ukuta. Hayo ni ya lazima. Tunachoomba ni kwamba katika kila kikao liwemo swali moja lisilokosekana: ni watoto wangapi wa darasa la tatu ambao bado hawajui kusoma, na ni nini kimefanyika juu yao tangu kikao kilichopita? Na hesabu za fedha zibandikwe ukutani, kwani mtu hachangii kwa moyo mkunjufu asichojua kilikokwenda.

Msikiti na madrasa vina sehemu kubwa. Mtoto wetu huenda shule asubuhi na madrasa alasiri, na mara nyingi walimu wake wawili hawajapata kukutana. Huenda mwalimu wa shule anamhesabu kuwa mzito wa akili, na ustadhi amekwisha kugundua kwamba haoni vizuri na hutofautisha "ba" na "ta" pale tu anaposogezwa karibu na ubao. Mazungumzo ya dakika kumi baina ya wawili hao yangeweza kumwokoa. Imamu naye anaweza kuuliza baada ya Swala ya Ijumaa: ni watoto gani wa mtaa huu hawaendi shule, na tuna nini cha kuwasaidia?

Wanafunzi wakubwa pia wasisahauliwe. Katika vyuo vyetu vya pwani tangu zamani mkubwa amekuwa akimsikiliza mdogo anapodurusu, naye katika kufundisha huithibitisha elimu yake. Utaratibu huo hauhitaji bajeti.

Wala haya si ndoto. Mwaka 1967 kiasi cha theluthi mbili ya watu wazima wa Tanzania Bara hawakujua kusoma na kuandika. Mwalimu Nyerere akautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na ulipofanyika upimaji mwaka 1975, wasiojua walikuwa wamepungua hadi asilimia 39. Walimu wa serikali peke yao wasingaliweza kazi hiyo. Walifundisha watumishi, wakulima waliojua kusoma, hata wanafunzi wa shule za msingi wakawafundisha wazee wao.

Na katika miaka ya 1980 Waislamu wa Mombasa, wakiungwa mkono na Mfuko wa Aga Khan, walianzisha mpango wa chekechea za madrasa ambao baadaye ulifika Zanzibar na Uganda. Jamii ilitoa mahali na kuunda kamati ya kusimamia, na akina mama wa hapo hapo wakafunzwa ualimu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulionesha kwamba watoto waliopitia chekechea waliwazidi kimaendeleo waliobaki nyumbani, na wale wa mpango huo wakawazidi hata wa chekechea nyingine. Wenyeji hawakungoja mtu aje kuwalelea watoto wao. Waliyajua mafungu yao na wakayabeba.

Tunamalizia kwa kuzinasihi nafsi zetu na ndugu zetu. Katika Sura at-Tahrim, aya ya 6, Allah ametuamrisha kujikinga sisi na ahli zetu na Moto, na wafasiri wa mwanzo walieleza kwamba hilo hutimia kwa kuwafunza na kuwaadabisha. Hatukuamrishwa kuwapeleka mahali kisha tukaondoka. Katika mwezi huu, kila mwenye mtoto amkalishe na amsikilize akisoma ukurasa mmoja. Asiye na mtoto amwangalie wa jirani. Akikuta amekwama, asimtafute wa kumlaumu. Amwendee mwalimu, wakae pamoja, waulizane wafanye nini. Mkono mmoja haulei mwana.

Tunamuomba Allah awape elimu yenye manufaa watoto wetu, awalipe kheri walimu wao, na atuwafikishe kuzibeba amana zetu kabla ya siku ya kuulizwa. Amin.

Wabillahi tawfiq.