Nyumba ya Magurudumu na Maksai Wawili

Juma lililopita alinijia bwana mmoja wa upande wa Katesh, baba wa watoto sita, mkulima wa mahindi na mbaazi. Alikuwa na swali moja tu. Je, auze maksai wake wawili, na juu yake akope shilingi 4,000,000, ili ajenge kambi ya wageni wanaosafiri na nyumba zao?

Shamba lake lapakana na barabara kuu. Mwezi wa Agosti ilisimama kwake motokaa moja kubwa, ndani yake mna vitanda, jiko, meza na friji. Walishuka mume na mke, wazee wenye mvi, wakaomba kulala chini ya mti wake. Asubuhi wakampa shilingi 30,000, wakaenda zao. Tangu siku ile bwana huyu hapati usingizi.

"Ikiwa kivuli tu ni 30,000," akaniambia, "nikiwajengea bafu na choo cha kuvuta maji, itakuwaje?"

Swali hili si la upuuzi. Basi tulikaa chini tukafanya hesabu, na leo nawaletea ninyi pia, maana najua si yeye peke yake anayewaza hivyo.

Kwanza tuwajue wageni wenyewe. Mchezo huu wa kutembea na nyumba ni wa zamani. Mwaka 1885 daktari mmoja Mskoti, William Gordon Stables, alitengenezewa nyumba ya magurudumu ivutwayo na farasi, akazunguka nayo Uingereza kwa kujifurahisha tu. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Wajerumani wakaanza kutia vitanda na meko katika Kombi za Volkswagen. Kombi hizo wazee wetu wanazikumbuka, ila zetu zilijaa abiria na mizigo! Wazee wa Mbulu zamani walijichimbia nyumba ubavuni mwa kilima, adui apite asijue kuna watu. Hawa wenzetu nyumba yao yapiga honi.

Ulipokuja ugonjwa wa korona mwaka 2020, hoteli zikafungwa, na watu wa Ulaya na Marekani wakakimbilia nyumba za namna hii. Mwaka 2021 viwanda vya Marekani vilitoa zaidi ya 600,000, za kuvutwa na zenye injini pamoja. Haijapata kutokea. Lakini mwaka 2023 vilitoa kama 313,000 tu, karibu nusu. Petroli ilikuwa imepanda, na riba ya mikopo pia. Ndugu, yaangalie hayo. Hata kule kwenye fedha, biashara hii hupanda na kushuka kama mvua zetu.

Sasa, wanaofika kwetu ni wachache, wenye moyo wa safari ndefu. Wengine wametoka Afrika ya Kusini, wanapita Iringa, Dodoma, Kondoa, Babati, kwenda Arusha hata Kenya. Wengine wamekodi Land Cruiser mjini Arusha au Nairobi, yenye hema juu ya paa. Zamani kipande cha Dodoma hadi Babati kilikuwa cha vumbi na mashimo, na giza likikukuta njiani huna budi kulala. Mwaka 2018 lami yake ilifunguliwa rasmi, twashukuru. Lakini lami imleteayo mgeni ndiyo impitishayo mbio. Akinywa chai Kondoa, jioni aweza kuwa Mto wa Mbu.

Na kwa nini anakimbilia Mto wa Mbu au Karatu? Kwa sababu ya mbuga. Gari lenye namba za nchi nyingine hulipa ada kubwa kuliko letu kuingia hifadhini, na kadiri lilivyo zito ndivyo linavyozidi kulipa. Basi wengi huiacha nyumba yao kambini, hukodi gari la Kitanzania na dereva wake, huenda Serengeti au Ngorongoro, hurudi. Huko ndiko fedha zinakokaa: kwa dereva, kwa fundi wa springi, kwa mchomeleaji, kwa muuza matairi. Kijana wa Mbulu mwenye ufundi wa magari asipuuze habari hii, Karatu si mbali.

Turudi kwa bwana wetu. Tukasema, haya, tuwe wakarimu katika kukisia. Tuseme magari 2 kila juma, tangu Juni mpaka Oktoba, majuma 20. Hayo ni malazi 40. Kwa 30,000 kila moja, apata 1,200,000. Mlinzi wa usiku, 80,000 kwa mwezi, miezi mitano, ni 400,000. Sabuni, maji na usafi, tuseme 100,000. Zabaki 700,000. Mkopo wake ni wa riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi, yaani 60,000. Kwa mwaka ni 720,000.

Akaitazama karatasi kwa muda mrefu. Riba peke yake inamaliza faida yote, na bado hajarudisha hata senti moja ya mkopo, wala hajalipa leseni ya biashara ya utalii na kodi. Na maksai hawapo! Mwezi wa Desemba atalima na nini? Atakodi ya jirani, kama jirani atakuwa amemaliza.

Mwenye nyumba ya magurudumu amekuja na kitanda chake, na sufuria zake, na taa zake. Hanunui chumba wala wali wa hotelini. Anachokosa ni maji safi ya kujaza tangi lake, mahali tambarare pa kusimamishia gari, usalama wa usiku, na chakula kibichi: mayai, maziwa, nyanya, parachichi, asali. Haya yote bwana wetu anayo tayari bila kukopa. Mama watoto akiuza mayai 10 na lita 2 za maziwa jioni ile, hiyo ni faida isiyodaiwa na mtu.

Choo kinafaa, hilo sikatai, lakini cha shimo, kilichosafishwa, chenye mlango unaofungwa. Tena wengine wana choo chao cha sanduku chenye dawa kali, nao wataomba pa kukimwagia. Usiwaruhusu karibu na kisima wala mtoni.

Na mahali pa kulala pachaguliwe. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe vilishuka kutoka Mlima Hanang, vikapita Gendabi na Jorodom mpaka Katesh, tukazika watu wengi. Mgeni hajui korongo lipi huleta maji, wewe wajua. Asiwekwe hapo hata kama ni tambarare na pana kivuli kizuri, wala mbuga nyeusi wakati wa masika, kwani asubuhi utaitwa kumvuta na maksai. Kama bado unao.

Nikamshauri pia aende kwa mtendaji wa kijiji kabla ya kutundika kibao chochote, aulize juu ya leseni na jinsi ya kuandikisha wageni.

Bwana yule alikunja karatasi akaitia mfukoni. Juzi nimesikia ameng'oa visiki chini ya mti wake na kuchimba choo kwa mikono, yeye na kijana wake mkubwa. Mkewe ameongeza kuku. Kibao bado, na maksai wapo. Ameniahidi kwamba Oktoba ikiisha ataniletea daftari tuone magari yamekuwa mangapi.