Bima ya nyumba Kivu: kabla ya kutia sahihi, uliza kile kisicholipwa

Huku kwetu watu wachache sana wanajenga kwa mkopo wa banki. Mtu wa Goma, Bukavu au Uvira anajenga polepole: mwaka huu msingi, mwaka ujao kuta, na mabati yanangoja mpaka mtoto amalize masomo. Nyumba ikiungua usiku mmoja, miaka kumi na mitano ya jasho imekwenda. Pamoja na hayo, tunalipa bima ya gari kwa sababu polisi wa barabarani anaiuliza, na nyumba tunamwachia Mungu.

Zamani tulikuwa na sababu. SONAS, kampuni ya serikali iliyoanzishwa 1966, ilikuwa peke yake kwenye soko kwa karibu miaka hamsini, na hakukuwa na mahali pengine pa kwenda. Sheria ya bima ya Machi 2015 ilifungua mlango. Ikaundwa ARCA, mamlaka ya kusimamia makampuni haya, na mwaka 2019 makampuni ya kwanza ya binafsi yakapewa ruhusa ya kazi. Leo mwenye nyumba anaweza kulinganisha. Shida ni kwamba wengi wanalinganisha bei tu, bila kusoma kilicho ndani ya mkataba.

Mkataba ambao watu wanauziwa mara nyingi huitwa mulitiriski ya nyumba. Jina hilo linamfanya mtu afikiri kwamba kila hatari imo. Kiini chake ni moto: nyaya za umeme zilizoungua, mbabula iliyosahauliwa, gesi iliyolipuka, radi. Juu yake huongezwa wizi wa kuvunja mlango, vioo, na hasara za maji.

Hapo kwenye maji tusimame kidogo. Katika lugha ya bima, hasara za maji ni bomba lililopasuka, tangi lililovuja, au paa lililopitisha mvua. Mto uliotoka kwenye njia yake ni jambo lingine kabisa. Aprili 2020 mto Mulongwe uliingia katika nyumba za watu Uvira. Mei 2023 maji na udongo viliteremka Bushushu na Nyamukubi, katika Kalehe, vikafunika vijiji pamoja na mamia ya watu. Mwenye mkataba unaosema tu « hasara za maji » asitumaini kulipwa kwa mafuriko ya namna hiyo. Mafuriko huandikwa kwa jina lake, kwenye kurasa za misiba ya asili, na kwa kawaida hulipiwa zaidi.

Ni vilevile kwa volkeno na tetemeko. Nyiragongo ilitoka 17 Januari 2002, ikatoka tena 22 Mei 2021. Mara hii ya pili, lava ilisimama kabla ya kufika katikati ya mji, lakini matetemeko yaliendelea siku nyingi na kupasua kuta za nyumba ambazo lava haikuzigusa. Bukavu nayo inakumbuka tetemeko la 3 Februari 2008. Kwa hiyo swali la kumuuliza wakala ni hili: ukuta wangu ukipasuka bila moto wowote, mnalipa? Asijibu kwa mdomo. Aonyeshe mstari kwenye karatasi.

Vita na uporaji, kwa kawaida, mikataba ya nyumba huviacha nje, hapa kwetu na hata Ulaya. Pengine fujo za raia zinaweza kuongezwa kwa malipo ya pekee. Bomu likianguka juu ya paa, karibu hakuna mkataba wa kawaida unaolijua.

Sasa tujiulize: ni nini kinachobomoa nyumba zetu? Moto, ndiyo, hasa Kadutu ambako nyumba za mbao zimeshikana kama vidole na gari la kuzima moto halina njia ya kupita. Lakini pia udongo unaoteremka, mito, volkeno na vita. Mkataba uliotungwa kwa ajili ya mji wenye mabomba, barabara na wazima-moto unauzwa kwa mtu anayeishi chini ya mlima unaowaka. Sisemi makampuni yanadanganya, maana maandishi yapo. Lakini yapo kwenye ukurasa wa kumi na nne, kwa Kifaransa, kwa herufi za mchwa. ARCA ingepaswa kulazimisha kila kampuni inayouza bima ya nyumba Kivu iandike vitu visivyolipwa kwenye ukurasa wa kwanza, na kwa Kiswahili. Gharama yake ni karatasi moja.

Je, basi tusichukue bima? Hapana. Mwenye uwezo achukue, hata kama ni ya moto peke yake, kwa sababu ya jirani. Sheria yetu ya kiraia, kifungu cha 258 cha kitabu cha tatu, inasema anayemtia mwenzake hasara kwa kosa lake atalipa. Moto ukianzia jikoni kwako ukachukua nyumba nne, hizo nne zinaweza kuwa juu yako. Mkataba mzuri una sehemu ya kulipa majirani, na mpangaji naye anaweza kuchukua yake kwa ajili ya nyumba ya watu anayokaa.

Kuna mtego mwingine, wa hesabu. Tuseme nyumba yako ingegharimu dola 40.000 kuijenga upya, nawe ukatangaza 20.000 ili ulipe kidogo kila mwaka. Jiko linaungua, hasara ni dola 10.000. Unafikiri utapata zote, kwa kuwa ziko chini ya 20.000. Kampuni itasema ulilipia nusu ya nyumba, nayo italipa nusu ya hasara: 5.000. Halafu itaondoa franshizi, yaani ile sehemu unayobeba mwenyewe. Ikiwa ni 500, unabaki na 4.500. Wengine wanakosea upande wa pili: wanatangaza bei ya parseli nzima, udongo pamoja na nyumba. Udongo hauungui, unaulipia bure.

Picha za nyumba, risiti za mabati na saruji, nakala ya mkataba: vyote vitume kwa ndugu aliye mji mwingine. Ukiziacha kabatini zitaungua pamoja na kabati. Muda wa kutangaza hasara ni siku chache, usome ni ngapi. Na tangu banki zilipofungwa Goma mwanzoni mwa 2025, kuna swali ambalo halikuwa la lazima zamani: pesa zangu nitazilipa kwa njia gani, na siku ya msiba zitanifikia kwa njia gani?

Yanabaki makaratasi. Wenye sertifika ya parseli ni wachache. Wengi wana fishi tu, au barua ya mauzo yenye sahihi za mashahidi. Kampuni ikidai sertifika, imefunga mlango kwa karibu kartie nzima. Lakini watu hao hao wana MUSO, wanachanga kila juma, na kasha nyekundu ya MUSO inawasaidia wakati wa ugonjwa na kifo. Wanajuana, kila mmoja anajua nyumba ya mwenzake ilijengwa na nani na lini. Kampuni yenye akili ingekwenda kwao na mkataba mmoja wa kikundi: kiasi kidogo kwa kila nyumba ya mbao, ushahidi wa kikundi badala ya sertifika, na moto pamoja na udongo unaoteremka vikiandikwa wazi. Kasha nyekundu haiwezi kujenga upya nyumba thelathini zilizoungua usiku mmoja. Kampuni inaweza, ikiwa tu itakubali kupanda hadi Kadutu na kuketi nao kwenye mkutano wao.