Mimea ya saratani ipimwe kabla ya kuuzwa

Mimea inayodaiwa kutibu saratani kali ya matiti ipelekwe maabara, kisha kwenye majaribio rasmi ya wagonjwa, na kabla ya hapo isiuzwe kama tiba.

Anayebeza mimea hajui historia. Paklitakseli, dawa inayotegemewa hata kwa saratani isiyosikia tiba ya homoni, ilitoka kwenye magome ya mti wa Marekani. Na hapa kwetu, miaka ya 1970, watafiti wa Marekani walichukua tani zipatazo 27 za mmea wa Maytenus kutoka Shimba Hills, Kwale, wakitafuta maytansini, kemikali inayoua seli za saratani. Ilipopewa wagonjwa peke yake, sumu ilizidi faida, ikawekwa kando. Ni baada ya miongo ndipo kemikali ya jamii hiyo ilipofungwa kwenye kingamwili inayoifuata seli ya saratani. Mwaka 2013 Marekani ikaidhinisha dawa hiyo kwa saratani ya matiti yenye wingi wa protini ya HER2.

Watasema wazee walichemsha mizizi bila maabara. Sawa, na maarifa yao yaheshimiwe na kulipwa. Lakini hata maabara peke yake haitoshi, ndiyo maana majaribio ya wagonjwa yanahitajika: kuua seli kwenye kisahani cha maabara hata jiki ya kufulia inaweza. Mgonjwa anayeacha kliniki kwa chupa isiyo na kipimo hupoteza miezi ambayo uvimbe wa aina hii haumwachii.

Wenye dhamana watenge fedha za majaribio, waandikiane mikataba ya mgawo na wenyeji wa misitu hiyo, na wazime matangazo ya redio yanayoahidi uponyaji.