Tuache kuwatisha watoto kwa daktari wa meno

“Ukiendelea kulia, nitakupeleka kwa daktari akung’oe meno.” Kauli hii imezoeleka majumbani mwetu. Anayeitoa huenda anatania, lakini mtoto wa miaka mitatu haujui utani huo. Kinachobaki kichwani mwake ni kwamba daktari wa meno ni mtu wa kuadhibu watoto watukutu.

Siku jino linapomuuma kweli, mtoto huyo hukataa kufungua mdomo. Mama anamshika mikono, baba anamshika miguu, na daktari anafanya kazi huku mtoto akipiga mayowe. Hutoka pale na woga ambao wengi wetu tunao hadi ukubwani: hatuendi kutibiwa meno mpaka maumivu yatunyime usingizi.

Lakini kosa lilianza mapema zaidi, pale tuliposubiri jino liume. Wataalamu wa kinywa na meno wanashauri mtoto aonwe mara ya kwanza meno yanapoanza kuota, na asivuke mwaka mmoja kabla ya kuonwa.

Wapo wazazi watakaouliza, “Si ni meno ya utoto, yatang’oka tu?” Ni kweli yatang’oka, ila magego ya utoto hukaa mpaka mtoto afikie miaka 10 hadi 12. Muda wote huo humsaidia kutafuna na kuyatunzia nafasi meno ya ukubwani. Jino lililooza huweza kuleta jipu na homa, mtoto asile wala asilale. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria mwaka 2022 kwamba watoto wapatao milioni 514 duniani wana meno ya utoto yaliyooza.

Kuna hatari nyingine inayotokana na kutojua pa kwenda. Katika baadhi ya maeneo nchini, mtoto mchanga akiharisha au kupata homa, huambiwa ana “meno ya plastiki” na kupelekwa kwa mtu wa kumchokonoa fizi. Kinachotolewa pale ni chipukizi la jino halisi. Mtoto huweza kutokwa damu nyingi, kupata maambukizi, hata kufa. Mtoto mwenye homa au anayeharisha apelekwe kituo cha afya, si kwa mchokonoaji.

Basi mzazi amwandaeje mtoto?

Anza nyumbani. Jino la kwanza likitokeza, lipigwe mswaki mara mbili kwa siku, kwa dawa yenye madini ya floridi. Kwa mtoto aliye chini ya miaka mitatu, kiasi cha punje ya mchele kinatosha. Kuanzia miaka mitatu hadi sita, kiasi cha punje ya njegere. Mtoto aliyezoea kufunguliwa mdomo na mama yake hatashangaa sana akiombwa na daktari.

Mtoto anayeelewa maneno, cheza naye. Mlaze mapajani, hesabu meno yake kwa sauti, kisha naye ahesabu ya kwako au ya mwanasesere. Mwambie kwa kifupi, “Kesho daktari atayahesabu meno yako.” Usimwambie “hutaumia” wala “hakuna sindano”, kwani maneno hayo ndiyo yanayompa wazo la kuumia. Usimdanganye pia kwamba mnakwenda dukani. Na usimwahidi pipi!

Chagua asubuhi, mtoto akiwa amelala vizuri na amekula. Kama wewe mwenyewe unaogopa, usimsimulie jinsi ulivyong’olewa gego. Mpe nafasi hiyo shangazi au baba asiye na woga. Beba kadi ya kliniki, na mweleze daktari kama mtoto ana selimundu, ugonjwa wa moyo, mzio au dawa anazotumia.

Mtoto mdogo mara nyingi huangaliwa akiwa amepakatwa, kichwa kikiegemea magoti ya daktari. Akilia, usione aibu wala usimfokee. Kulia ni kawaida kwa umri huo, na ukaguzi huchukua dakika chache tu. Tumia nafasi hiyo kuuliza kuhusu madoa meupe karibu na fizi, ambayo huweza kuwa dalili ya mwanzo ya kuoza. Uliza pia kuhusu chupa ya usiku, maana kumlaza mtoto na chupa ya maziwa, juisi au chai ya sukari ni kuyaozesha meno yake.

Tunajua wengi wanaishi mbali na daktari wa meno, na nauli ni mzigo. Lakini karibu kila mzazi hufika kliniki ya mtoto kwa ajili ya chanjo. Mtoto akipelekwa kwa chanjo ya surua ya miezi tisa, na tena ya miezi 18, mwombe muuguzi amtazame kinywani na akuelekeze huduma ya meno iliyo karibu. Nao wasimamizi wa kliniki hizo wafanye kumfunua mtoto mdomo kuwa kawaida, kama kumpima uzito.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Leo ni kuhesabu meno manne tu. Ukisubiri, itakuwa ganzi na koleo.