Mzaha wa Kuiaga Shule

Mtihani wa darasa la saba wa Septemba unapokaribia, mahafali nayo huja, na watoto hupenda kuziaga shule zao kwa mzaha.

Mtoto wa Olbalbal, kule Ngorongoro, hakosi la kusema. Bonde lao hupokea maji ya Olduvai wakati wa mvua. Kiangazi hubaki vumbi. “Kwaheri vumbi,” aweza kusema, “uliyetufunza kuwa weupe wa shati ni nia tu. Kwaheri makande, tuliyoyalalamikia huku tukipanga foleni mara ya pili.” Hapo anajicheka mwenyewe, na hajasema uongo.

Masahaba walipomwambia Mtume (s.a.w.) kuwa anawatania, aliwajibu kwamba hasemi ila kweli, kama alivyopokea Tirmidhi. Nayo Suratul Hujurat, aya ya 11, inakataza kudharauliana na kuitana kwa lakabu mbaya.

Sasa mfikirieni mpishi aliyewasha moto alfajiri. Siku hiyo husimama nyuma ya umati, akisikiliza. Akitajwa kwa lakabu yake ya mafichoni, wageni watacheka, naye atainamisha kichwa. Mzaha wa darasani huombewa radhi kesho yake. Wa mahafali hauna kesho, kwani aliyeutamka amekwisha kuondoka.

Basi, mzazi, usiku wa kuamkia mahafali isikilize risala ya mwanao. Muulize: ni kweli? Na anayetajwa, atacheka nasi? Kisha mkumbushe kumpa mpishi mkono kabla hajatoka langoni.