Lori Lililokamatwa Msituni na Haki ya Mwenye Mali

Ndugu wanachama, kulinda misitu ni kazi ya heshima, wala hatuna neno la kumtetea mtu apakiaye magogo ya wizi usiku. Lakini yatupasa sisi tushikao kalamu za Serikali kulipima jambo moja: je, yafaa idara ile ile ikamate lori, isikilize shauri lake, kisha ilitwae kuwa mali ya Serikali? Wahenga walituonya kwamba kesi ya ngedere usimpelekee nyani.

Na tuitazame India, ambako swali hili limebishaniwa kortini miaka mingi. Sheria ya Misitu ya mwaka 1927 iliwaruhusu maofisa wa misitu na polisi kukamata mazao yaliyoibwa, pamoja na mashua, magari na ng'ombe waliotumika kuyachukua. Lakini kuvitwaa vitu hivyo kabisa kulingoja mshitakiwa apatikane na hatia mbele ya hakimu. Baadaye majimbo kadhaa yaliona kuwa njia hiyo ni ndefu mno. Madhya Pradesh ilibadili sheria yake mwaka 1983, ikampa ofisa wa misitu, asiyepungua cheo cha Mhifadhi Msaidizi, uwezo wa kulitwaa gari kwa amri yake mwenyewe.

Wenye malori wakaenda kortini kudai mali zao. Mwaka 1985, katika shauri lililotoka Andhra Pradesh, Mahakama ya Juu ya India iliamua kwamba kutwaa gari ni jambo moja na kumshitaki mtu ni jambo lingine, wala la kwanza halilingoji la pili. Mwaka 2019, katika shauri la Madhya Pradesh, mahakama hiyo ilisema kuwa hakimu akiisha kuarifiwa kwamba ofisa ameanza shauri la kulitwaa gari, hana tena mamlaka ya kumrudishia mwenyewe kwa muda. Ilhali mwaka 2002, katika shauri lisilohusu misitu, mahakama iyo hiyo ilisema haifai kuyaweka magari yaliyokamatwa muda mrefu katika vituo vya polisi. Basi mwenye lori lililokamatwa kwa kosa lisilo la misitu aweza kulipata kwa dhamana, na mwenye lori la magogo akalitazama likiota kutu uani.

Hatusemi kwamba mlango umefungwa kabisa. Sheria ya Madhya Pradesh yataka mwenye gari apewe hati ya kumwarifu, naye asikilizwe. Akithibitisha kuwa yeye, wala mtumishi wake, hakujua, na kuwa alichukua hadhari zote zipasazo, gari halitatwaliwa. Lakini mzigo wa kuthibitisha ni wake, na dereva akijua, tajiri aliyelala nyumbani kwake ameponzwa. Rufani ya kwanza nayo huenda kwa mkubwa wa idara ile ile. Jaji huja nyuma yake.

Sisi twaona kwamba dawa ya kesi kukawia ni kuziharakisha kesi, si kukihamisha kiti cha hakimu na kukitia ofisini. Rufani ya kwanza ingekwenda kwa jaji moja kwa moja, msitu usingepoteza hata mti mmoja, na raia angeridhika kuwa amehukumiwa na mtu asiye na upande.

Na pale ambapo sheria imekwisha kukihamisha kiti hicho, ngao ya raia ni karatasi. Hati ya kumwarifu huandikwa na karani. Tarehe hutiwa na karani. Majibu ya mwenye gari huwekwa jaladani na karani. Hati isipotumwa, au majibu yakipotea, mtu huondolewa riziki ya nyumba yake bila ya kusikilizwa, na hakuna jaji atakayeliona lisiloandikwa. Kwa hiyo, ndugu, jalada la mtu aliyekamatiwa mali yake lisilale mezani petu hata siku moja.