Mbeba Gunia Naye Alikufa Vitani

Ikitajwa habari ya kujenga mnara wa mashujaa wa Kongo, karibu kila mtu huona kichwani sanamu ile ile: mwanaume wa shaba, kofia ya chuma, bunduki mkononi. Hata hapa Kituku, ufukwe wa Goma ambako akina mama hupandisha viazi na makaa kutoka kwenye boti, kamba kipajini na gunia mgongoni, nimesikia ikisemwa kwamba aliyekufa vitani ni yule aliyebeba silaha. Wengine ni marehemu tu. Naikataa imani hiyo, na mji huu una sababu nyingi kuliko mingine yote za kuikataa.

Vita vya 1914 vilifika mapema katika ziwa letu la Kivu. Septemba mwaka huo Wajerumani walikuwa wamekwisha kuteka kisiwa cha Idjwi. Mwaka 1916 Force Publique, jeshi la kikoloni la Wabelgiji, ikavuka mpaka, ikaingia Kigali mwezi Mei, na Tabora tarehe 19 Septemba. Vitabu vinawasifu maofisa na askari wake. Lakini nani alifikisha risasi Tabora? Nani alibeba unga, mahema, mizinga iliyofunguliwa vipande vipande? Wapagazi wanaokadiriwa kufikia 260,000, wengi wao wakikamatwa vijijini kwa nguvu. Walikufa kwa njaa, kwa kuhara damu na kwa baridi ya milimani, wakazikwa kando ya njia. Vita vile vilitembea kwa miguu yao.

Upande wa Waingereza mambo yalikuwa yale yale. Dar es Salaam, sanamu ya askari mwenye singe imesimama tangu 1927. Wapagazi wa Carrier Corps walibaki katika jina la mtaa wenye soko, Kariakoo, na wangapi wanaonunua vitunguu pale wanajua kwamba jina hilo ni lao? Nairobi mwaka 1928 walifanya haki kidogo: mpagazi alichongwa akasimama pamoja na wenye bunduki. Kwa hiyo hakuna anayeweza kuniambia kwamba wazo hili ni geni au haliwezekani.

Sasa turudi Kituku. Mwanzoni mwa 2024 mapigano yaliifunga barabara ya Sake kwenda Minova. Goma ikabaki inalishwa kwa maji: maharage, ndizi, mihogo, vyote vikaja kwa boti. Tarehe 3 Oktoba boti Merdi, ikitoka Minova, ilipinduka ikiwa karibu kabisa kutia nanga hapa. Watu waliokuwa ufukweni waliiona kwa macho yao ikilala ubavu. Gavana wa Kivu Kusini alisema waliokufa ni 78. Kivu Kaskazini ilihesabu pungufu ya hapo sana. Tofauti hiyo ni ya watu kamili, wenye mama zao.

Wataniambia ile ilikuwa ajali, boti ilizidishwa watu na mizigo. Ni kweli, ilizidishwa. Lakini ni nini kilichowajaza watu wote wale ndani ya boti moja, kama si barabara iliyofungwa kwa bunduki? Wataniambia pia kwamba askari aliapa, alijua anaweza kufa, na heshima yake isichanganywe na ya mchuuzi. Simnyang'anyi askari heshima yake. Juni 2022, mfalme Philippe wa Ubelgiji alipomvika nishani askari mkongwe Albert Kunyuku kwenye mnara wa Kinshasa, nilifurahi, ingawa ilikuwa imechelewa mno. Ila mama wa Minova naye alijua. Aliyaona maji, aliiona boti imeshiba, akapanda, kwa sababu huku mjini kulikuwa na watu wanaosubiri kula, na askari wakiwemo.

Mnara ukijengwa, basi, usianze na shaba. Uanze na daftari. Mtu akae hapa kwenye ngazi za bandari, awaulize wauza samaki wa sambaza, wapiga kasia na wabebaji: nani alikuwa kwenye Merdi, alitoka kijiji gani, alikuwa amebeba nini? Wanaowakumbuka bado wanakuja Kituku kila asubuhi.